Mashine Niliyoifundisha Kunong'ona

Jumamosi, 3 Mei

Daftari jipya. La zamani limejaa. Nusu yake orodha ya vitabu, nusu nyingine mambo niliyotaka kuwaambia watu na sikuwaambia.

Habari ya leo ni Shangazi. Jana alirudi kutoka ofisi ya maji akapita sebuleni bila kubishana na redio. Tukajua kuna jambo. Kwa kawaida huwa anambishia msoma taarifa tangu anavua viatu.

Shangazi ni dada yake baba, anaishi nasi. Miaka thelathini na moja ni mpiga chapa, na kila kikao pale ofisini muhtasari ni kazi yake. Sasa vidole vimeanza kukakamaa. Daktari anasema ni baridi yabisi. Yeye anasema ni utoro: eti vidole vyake vimekuwa watoro, vinakuja kazini siku vinapotaka. Muhtasari uliokuwa ukitoka siku hiyohiyo siku hizi unachukua wiki. Mkurugenzi amemwita, akamkalisha vizuri, akampa kikao kimoja: cha tarehe 28. Akiutoa muhtasari siku hiyohiyo, anabaki mezani pake. Asipoweza, mwezi wa sita anashuka masjala kutunza mafaili.

"Kule chini kuna balbu moja na mafaili ya watu waliokwisha kustaafu," alisema. "Mimi nitaongea na nani?"

Hilo ndilo linalomuuma. Shangazi bila mtu wa kuongea naye ni kama mimi bila mlango wa kufunga.

Hati mkato bado anaiweza, ile mikwaruzo ya haraka wanayofundishwa makarani, kwa penseli aliyoizungushia kitambaa. Tatizo ni kwamba hakuna mwingine anayeweza kuisoma. Kaka yangu anasema ni nyayo za kuku aliyepotea njia. Kwa hiyo imebaki njia moja: Shangazi asome kwa sauti, mwingine apige chapa. Na ofisi haina mwingine.

Nikawaza: kwa nini mwingine awe mtu?

Nimewaza tu. Sikusema.

Jumapili, 4 Mei

Leo nimefanya jambo la kishujaa. Nimemwandikia mtu nisiyemjua.

Ofisi ya Shangazi inatumia ile programu huria ya ofisi, ya barua na majedwali. Ndiyo tunayofundishiwa shuleni. Msimbo wake uko wazi. Yeyote anaweza kuufungua, akaurekebisha, akaurudisha kwa wanaoutunza. Mwaka jana nilitafsiri menyu kumi na nne na kunyoosha kitufe kimoja kilichokaa upande. Walinishukuru. Hakuna aliyeniuliza umri, hakuna aliyesikia sauti yangu. Hayo ndiyo maisha!

Sasa: ina sehemu ya kuandika kwa kusema. Unaongea, yenyewe inaandika. Lugha kadhaa zipo. Kiswahili kipo kwenye orodha lakini ni cha kijivu, ukibonyeza hakiitiki. Nimechunguza mpaka macho yakauma. Injini ya kutambua usemi ipo, tena huria. Modeli ndogo ya Kiswahili ipo. Havijawahi kukutanishwa tu, kama majirani wawili wenye ukuta mmoja.

Anayetunza sehemu hiyo anajiita Bundi. Picha yake ni bundi mwenye miwani. Barua yangu ilikuwa na mistari mitatu. Ilinichukua saa moja na nusu. Yeye alijibu kwa mistari miwili, nadhani kwa nusu dakika: jaribu, na mlango wa toleo jipya unafungwa tarehe 30.

Kikao tarehe 28, mlango tarehe 30. Sijalala mchana. Babu amelala kwa niaba yetu sote.

Jumatano, 7 Mei

IMEANDIKA!

Ngoja, kwa mpangilio. Ofisi yangu ni ndani ya kabati la nguo, kati ya koti la mama na blanketi. Saa zangu ni zile mbili Babu anapolala baada ya chakula, kwa sababu ndipo kompyuta mpakato inapokuwa huru. Babu akilala, nyumba hii hata kijiko hakigusi kikombe. Kwa hiyo nasema polepole, karibu kabisa na kipaza sauti nilichoazima kwa Tarumbeta. (Tarumbeta ni kaka yangu. Jina nimempa mimi. Hajui. Yeye ananiita Maktaba, na najua.)

Shida ilikuwa kelele za nje. Ng'ambo ya barabara fundi milango anachomelea vyuma. Uani Tarumbeta anadundisha mpira. Programu ilikuwa ikijaribu kuuandika mpira. Nikaiwekea kichujio: sauti ikipita kiwango hiki, ni kelele, itupwe. Kiwango nimekipima kwa sauti yangu mwenyewe. Kazi safi.

Saa tisa na dakika kumi nikasema: Kikao kilifunguliwa na mwenyekiti. Maneno yakatokea kwenye ukurasa, moja moja, bila mkono wa mtu. Nilipiga kelele ya furaha.

Ndani kwa ndani. Babu alikuwa amelala.

Jumamosi, 10 Mei

Natamani ardhi ipasuke.

Nilimwambia Shangazi nina kitu cha kumwonyesha. Akaenda kubadilisha blauzi! Akavaa ile ya ofisini, ya kola, akachukua notisi zake za hati mkato za kikao cha mwezi uliopita, akaketi mgongo wima. Mama akaja. Babu akaja. Tarumbeta akaja na bakuli la njugu kana kwamba ni sinema.

Shangazi akakohoa kidogo, akatoa ile sauti yake ya imla, ile inayofika mpaka viti vya nyuma. Akasoma kichwa cha muhtasari chote.

Ukurasa mweupe. Kile kimstari kinapepesa tu.

Akarudia, kwa sauti zaidi. Kimya. Mama akajaribu. Kimya. Tarumbeta akainama, akaisalimia kama mtu anayemwita mbuzi ng'ambo ya bonde. Kimya. Shangazi akanyoosha kola na kusema labda mashine imechoka, kwa upole wa mtu anayejiandaa kwenda masjala. Hapo ndipo roho iliponitoka. Nikamsogelea, nikamwambia sikioni ajaribu tena.

Mashine ikaandika: jaribu tena.

Wote tukaitazama. Nikasema, kwa sauti yangu ya kawaida, kwamba sielewi. Ikaandika: sielewi.

Tarumbeta alianguka kutoka kitini, njugu na yeye.

"Maktaba," alisema alipopata pumzi, "umeifundisha mashine aibu."

Nikaufungua msimbo pale pale. Mstari niliuandika mwenyewe: sauti kubwa ni kelele. Sikuwa hata nimeufikiria. Niliuandika kama mtu anavyoandika kwamba maji yanalowesha.

Shangazi hakucheka kwanza. Alisogeza mdomo kwenye kipaza sauti, akanong'ona kichwa cha muhtasari, na mashine ikaandika chote, vizuri kabisa. Akaegemea kiti.

"Sasa mwanangu," alisema, "hiki ni kikao au ni umbea?"

Jumapili, 11 Mei

Nimeyageuza mambo yote ndani nje. Kwanza Shangazi.

Yeye hasemi tu. Hata akiinong'onea mashine anatoa imla, kama alivyotolewa imla na mabosi watano kwa miaka thelathini na moja. Kila alama anaitaja. Kwa hiyo mashine imeandika: wajumbe walikuwa tisa mkato watatu walitoa udhuru nukta aya mpya. Nilimwambia hahitaji kuzitaja. Akaniangalia kama nimemwambia atoke nje bila viatu. Basi, anayebadilika ni mashine. Nimeongeza kanuni: akisema mkato, weka alama ya mkato, akisema nukta, weka nukta, aya mpya, shuka mstari. Imechukua jioni nzima, na Shangazi akatikisa kichwa kwa kuridhika kama mkaguzi.

Ubaya ni kwamba sasa hawezi kuacha. Leo mezani: "Nipe chumvi mkato halafu uache kusoma ukila nukta."

Kisha Bundi. Nilimtumia kazi, na lile la kunong'ona nikalieleza kwa aya nne za kuomba radhi. Akauliza kama naishi maktaba. (Amejuaje!) Akasema kazi ni nzuri isipokuwa inaitupa sauti ya kawaida ya binadamu. Nikigeuze kichujio: kisitupe sauti za juu, kitupe za chini, kama mlio wa feni na watu kugeuza makaratasi. Na kiwango nisikipime kwa mtu mmoja. Anataka sauti za watu ishirini tofauti, kila mmoja asome sentensi hamsini kwa sauti ya kawaida na atie saini kwamba ameridhia. Mmoja kati ya hao awe mimi.

Watu ishirini! Ninaowajua kwa majina ni ishirini, ukihesabu na waliokufa.

Jumanne, 13 Mei

Nimepata njia ya kuwaomba watu bila kuwaomba. Nimebandika tangazo kwenye ubao wa shule: anayetaka kutoa sauti yake kwa programu huria aandike jina hapa chini. Herufi nzuri, mistari ishirini iliyopigwa kwa rula.

Jioni kulikuwa na majina matatu: Waziri wa Maji, King'ora, na Mama Yako.

Mwalimu wa kompyuta alilisoma, akanihurumia, akasoma sentensi zote hamsini wakati wa mapumziko. Sauti ya kwanza! Sentensi nimezitoa kwenye mihtasari ya zamani ya Shangazi, ile inayobandikwa nje ya ofisi yao wasome wote, kwa hiyo si siri. Alipomaliza aliniuliza kama yale mabomba yalifika.

Mabomba gani? Nikaangalia. Sentensi ya kumi na saba: Mjumbe alihoji sababu za kuchelewa kwa mabomba. Ya thelathini na moja: Iliazimiwa kwamba suala la mabomba liahirishwe. Ya arobaini na nane: Mabomba bado hayajafika.

Sikuwahi kujiuliza. Nilimwambia nitaulizia.

Jumamosi, 17 Mei

Wanafamilia wamefanya sauti kuwa tano. (Babu alisoma kama taarifa ya msiba. Ameridhia kwa saini inayochukua nusu ukurasa.) Nilikuwa nimeketi nazihesabu na kuzihesabu tena, kana kwamba zitazaana, Shangazi akaninyang'anya kalamu. Akasema watu hawatoi sauti kwa karatasi. Akanishika mkono hadi saluni ya jirani, akanisukuma ndani, akaondoka.

Akaondoka!

Ndani wanawake saba. Mashine za kukaushia nywele zinavuma. Msusi akageuka na chanuo mkononi, wote wakageuka. Nikafungua mdomo. Sijui kilichotoka, lakini hakuna aliyekisikia, kwa hiyo si neno.

"Ah," akasema msusi, "kumbe ni wewe. Unapita hapa kila siku ukivisalimia viatu vyako."

Wakacheka, lakini si vibaya. Nilibaki nimesimama. Nikafikiria Shangazi na balbu moja. Nikasema tena, kwa nguvu kidogo: naomba sauti zenu. Msusi akazima mashine zote ili anisikie. Ndipo nikaeleza, katika kimya cha watu saba wenye nywele nusu. Shangazi, vidole, masjala, mashine. Nilipofika kwenye vidole, msusi aliviangalia vyake.

Akawa wa kwanza. Halafu hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho. Wanasoma vizuri kupita kiasi! Aliyekuwa na sentensi ya kumi na saba alisimama kabisa: Mjumbe ALIHOJI! Wenzake wakamshangilia mjumbe. Waliposikia suala limeahirishwa, walizomea. Nilijaribu kuwaambia ni jaribio la sauti. Sita wamerekodi, wa saba alikuwa usingizini chini ya kikaushio na hatukumwamsha.

Nilipotoka, mmoja aliniita kutoka mlangoni: yale mabomba, yalifika?

Nimemuuliza Shangazi. Anasema ajenda hiyo imeahirishwa mara kumi na moja. Anaipenda sana. Anasema wajumbe wengine wamekuja na kuondoka, mabomba yamebaki.

Jumatatu, 19 Mei

Sauti kumi na tano. Fundi milango yule yule niliyemwita kelele! Ana sauti nzito na ya pole, na alivua miwani ya kazi ili asome. Nimeona aibu kwa ule mstari wa msimbo. Pia muuza magazeti, mke wake, na mtunza maktaba ya shule, ambaye ilibidi tutoke naye nje kwanza kwa sababu ndani alikataa kata kata kupaza sauti.

Alhamisi, 22 Mei

Sauti kumi na tisa. Nimekipima kiwango upya kama alivyotaka Bundi na kugeuza kichujio.

Shangazi akaja na blauzi. (Ile ile. Ameinyoosha.) Akasoma notisi za kikao kizima kwa sauti yake ya imla, na mashine ikamfuata mkato kwa mkato, aya kwa aya. Kurasa tatu, dakika ishirini na moja. Makosa sita. Alipomaliza aliviweka vidole vyake juu ya meza, akavitazama, akasema: "Haya, sasa nyinyi nendeni mkapumzike." Kisha akaenda jikoni na kukaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Tuliobaki tukajifanya tunaangalia mashine.

Nikaketi nirekodi sauti ya ishirini. Yangu. Nikasema sentensi ya kwanza.

Ukurasa mweupe.

Nikarudia. Kimya. Nikasogea, nikakimeza kabisa kipaza sauti. Ikaandika neno moja, "na", ikanyamaza. Nikajaribu kushusha kiwango ili inisikie. Feni ya sebuleni ikaanza kuandika: sasa sasa sasa sasa sasa. Ukurasa mzima! Nikakirudisha.

Kwa hiyo hali ndiyo hii. Fundi milango anasikika. Babu anasikika. Tarumbeta akiwa uani anasikika, na juzi mashine iliandika kelele zake za mpira: bao. Katika programu niliyoiunganisha kwa mkono wangu, asiyesikika ni mimi peke yangu. Mimi na feni. Na feni ikipewa nafasi inajieleza.

Jumapili, 25 Mei

Bundi ameandika: nimehesabu kumi na tisa. Wa ishirini yuko wapi?

Nimeifunga kompyuta.

Tarumbeta amejitolea kunifundisha. Amenisimamisha upande mmoja wa uani, yeye upande mwingine, nimwambie jambo. Nikamwambia. Akaweka mkono sikioni. Nikamwambia tena. Akasogea hatua moja. Tukaendelea hivyo mpaka akawa ananikanyaga. Jambo lenyewe lilikuwa kwamba asogee mbali.

Lakini hakunicheka mpaka mwisho. Aliketi kwenye ndoo akaniuliza kwa nini sauti yangu naibania hivi, nani ataiiba. Nikasema nikipaza sauti naona kama nimeingia chumba cha watu bila kubisha hodi. Akafikiri. Kwa Tarumbeta ni tukio la kuandikwa.

Akasema: ila mtu akikuita halafu usiingie, hiyo nayo si adabu.

Akaenda kucheza mpira.

Jumanne, 27 Mei

Likizo fupi imeanza, kwa hiyo kesho namsindikiza Shangazi kubeba mashine. Mpango: nitaiwasha, nitaketi kwenye korido, nitakuwa na kitabu. Hakuna atakayenihitaji.

Blauzi inaning'inia mlangoni. Shangazi amechonga penseli nne. Usiku wa leo ametuambia lala salama bila nukta. Ana wasiwasi.

Jumatano, 28 Mei

Saa nne na nusu asubuhi. Korido ya ofisi ya maji, benchi la mbao. Naandika kwa haraka.

Niandike tangu mwanzo, nitatulia.

Tumefika saa mbili na nusu. Tarishi anaketi mwisho wa korido karibu na ngazi, na gazeti lake. Alinisalimia nikaitika. Akasema, eh? Nikaitika tena. Eh? Mara ya tatu nikapunga mkono. Kutoka benchi langu hadi kiti chake ni hatua ishirini na sita. Nimezihesabu nilipokwenda kunywa maji, ambayo sikuyahitaji.

Kikao kikaanza saa tatu. Mlango una kioo juu; nilikuwa namwona Shangazi, penseli inakwenda. Saa nne chai ikaingia. Walikuwa wamekubaliana kwamba wakati wa chai asome sehemu ya kwanza mbele yao, waone. Nikaisikia sauti yake ukutani, mkato kwa mkato. Dakika nane. Kisha watu wakapiga makofi! Nilikishika kitabu kifuani. Nikajua yamekwisha.

Hayajakwisha. Shangazi alitoka na kikombe mkononi, akafunga mlango nyuma yake. Ametabasamu lile tabasamu lake la kusoma barua mbaya.

Ni mhasibu wao. Amesema yeye si mtoto. Amesema alishaona kiinimacho. Nje pale kuna binti kwenye benchi tangu asubuhi, anaandika andika, nani asiyemwona? Huyo ndiye anayepiga chapa kwa kujificha, au kila kitu kiliandaliwa nyumbani, na kesho bila binti hakuna muhtasari. Baadhi walicheka. Baadhi hawakucheka. Mkurugenzi akamwambia basi aijaribu yeye mwenyewe, mhasibu akajibu kwamba hazungumzi na vyombo. Mwisho mwenyekiti akaamua: chai ikiisha, aliyeitengeneza aingie, mikono juu ya meza wote waione, aseme kitu chochote ambacho hakikuandaliwa. Ikiandika, muhtasari ni halali na Shangazi anabaki. Isipoandika...

Amekunywa chai.

Nikamwambia hainisikii. Nilitaka ajue. Kumi na tisa inawasikia, mimi hainisikii.

"Najua," alisema. "Hata mimi miaka kumi na sita nakusikia kwa kukisia."

Nikamwomba aseme yeye, au amlete mtu wa saluni, au tungoje tumpigie Tarumbeta simu. Akanirekebisha kola. Sina kola, alirekebisha mahali ambapo kola ingekuwa.

"Sema chochote mwanangu," alisema. "Ila sema."

Amerudi ndani. Kupitia kioo naona vikombe vinarudi kwenye sinia. Naona mhasibu amekaa karibu na mashine, mikono kifuani. Ameivuta mpaka mwisho wa meza ile ndefu. Kiti walichoniwekea kiko mwisho mwingine. Hatua nane? Tisa?

Hakuna kunong'ona kutoka pale. Hakuna kusogea.

Kitu ambacho hakikuandaliwa. Nimefikiria sentensi zote hamsini, lakini hizo zimeandaliwa. Nimefikiria jina langu. Hapana. Halafu nimefikiria mwalimu, wanawake wa saluni wamesimama na nywele nusu, fundi milango alivyouliza huku anavaa miwani yake. Kila mtu aliyenipa sauti aliniuliza jambo moja, na sijamjibu hata mmoja.

Basi nimepata sentensi: lile jibu wanalolitamani wote, hata kama si kweli bado.

Kuna vikombe vitatu bado. Nimejaribu hapa hapa, ukutani, mara moja tu, nione inavyokaa mdomoni. Nimesimama. Nimeweka mgongo kama Shangazi. Nimesema: "Mabomba yamefika."

Mwisho wa korido gazeti limeshuka.

"Yamefika?" amesema tarishi. "Lini? Nani kayapokea?"

Hatua ishirini na sita!

Nimetikisa kichwa, nimepunga mikono yote miwili, haangalii. Amesimama. Anavaa kofia yake. Anapita mbele yangu mbio, uso unang'aa kama mtu aliyesubiri ajenda hiyo mara kumi na moja. Ameshafika mlangoni, anabisha hodi, na ndani wote wamegeuka. Aliyenisikia alikuwa hatua ishirini na sita, mashine iko tisa: naingia.